Bangili Iliyolala Jinja

Siku ya mwisho ya Wanyera ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa nane, katika msimu wa tohara. Mkewe Nabifo ndiye aliyemwona wa kwanza akirudi. Alishuka kwenye taksi ya Mbale mbele ya geti la kiwanda cha nondo, pale Jinja, unga wa mtama aliopakwa ngomani umeganda kwenye nyusi na filimbi bado inaning'inia shingoni. Nabifo alikuwa chini ya mwavuli wake akiwapakulia ugali wa posho na maharage watu wa zamu ya mchana. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

"Enos je?"

"Amesimama." Sauti ya Wanyera ilikuwa imekwisha kwa kuimba, ilitoka kama mtu anayekwangua ukoko. "Hata kope hakupepesa. Kisu kinamaliza kazi, yeye anaangalia mlima tu."

Enos alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao. Tangu Ijumaa alikuwa akichezeshwa ngoma katika vijia vya Wanale, karibu na Mbale, chini ya ule mlima, na kaka yake hakutakiwa kulala kabla kisu hakijapita. Ndivyo Wamasaba wanavyoamini: kaka akisinzia, mdogo atatetemeka, na anayetetemeka mbele ya kisu huitwa mwoga mpaka siku anapozikwa.

"Na wewe umelala lini?"

"Nitalala nikitoka kazini."

"Afande atakukataa leo."

Wanyera alicheka bila sauti. "Afande leo ni rafiki yangu. Nipe maji."

Afande hakuwa mtu. Ilikuwa bangili nyeusi ya mpira yenye kioo kidogo, ambayo kiwanda kiliwavalisha wafanyakazi wote tangu mwaka uliopita. Mtu aliivaa kazini, akalala nayo nyumbani. Ilisikiliza mapigo ya moyo, ikajua umelala kiasi gani na umejigeuza mara ngapi kitandani, kisha asubuhi ikawapelekea ofisini habari zako. Getini uliiweka mbele ya mashine. Taa ya kijani ikiwaka, unaingia. Ikiwaka nyekundu, maana yake umechoka. Unarudi nyumbani na siku hiyo huna kazi. Aliyezidisha nyekundu aliondolewa kwenye tanuru, akapelekwa uani kufagia vumbi la chuma. Watu waliiita Afande kwa sababu inaamuru na haijibiwi. Wakati wa joto iliwatia upele, duara jekundu lenye vipele vidogo kuzunguka mkono, nao wakauita upele wa Afande. Walitaniana kwa hilo: "Leo Afande amesema nini?" "Amesema mke wako anakoroma."

Mwezi ule Wanyera alikuwa ameshapata nyekundu mara mbili.

Wakati anakunywa maji, Herbert alitoka getini, zamu yake ya asubuhi imekwisha. Herbert na Wanyera walitahiriwa siku moja, ua mmoja, kwa kisu kimoja. Kwao hilo lilizidi undugu. Watu wa kisu kimoja hawanyimani kitu, hawapigani wala hawashtakiani. Mmoja anaweza kuingia jikoni kwa mwenzake akafunua sufuria, na mwenye nyumba atacheka tu.

"Wewe, mwizi wa kuku!" Herbert alipaza sauti. "Umefika?"

"Nimefika, baba wa wachawi!"

Wakashikana mikono yote miwili, wakaitikisa kwa muda mrefu kama kawaida yao, huku wakitukanana. Kisha Herbert akageuka. "Shemeji, yangu usitie mchuzi mwingi, mimi si bata." Nabifo akampakulia. Hakuona chochote cha ajabu.

Aliona taa, kwa sababu mwavuli wake ulikaa karibu na geti. Mumewe alinyoosha mkono, na taa ikawaka kijani. Obura, kijana wa Kenya aliyesimamia bangili zile, aliangalia simu yake akatabasamu.

"Wanyera, umelala kama mtoto mchanga. Ingia, bwana."

Wanyera akaingia.

Ndani ya kiwanda kile, vipande vya chuma hutoka tanuruni vikiwa vyekundu na kupita kati ya magurudumu mazito yanayovibana, huku na huku, mpaka viwe nondo. Wanyera alikuwa mtu wa koleo. Alisimama mbele ya magurudumu, akakamata kichwa cha chuma kinapochomoza, akakigeuza na kukirudisha. Mara moja moja chuma hukataa njia. Kinajikunja, kinaruka juu na kukimbia hewani, kirefu na chekundu. Wao hukiita nyoka. Nyoka akiruka, mtu wa koleo hutupa koleo na kurudi nyuma hatua moja. Moja tu inatosha.

Wenzake walisema baadaye kwamba walipiga kelele na wote wakaruka. Wanyera alibaki palepale, koleo mkononi, macho wazi, anaangalia mbele kama mtu anayeangalia mlima. Nyoka alimwingia chini ya mbavu na kutokea mgongoni, akaendelea kupita, kwa sababu magurudumu yalikuwa hayajazimwa na yalizidi kumsukuma. Alisimama hivyo, ameshikiliwa na chuma, mpaka mtu alipofikia swichi.

Nabifo alisikia kelele, na ukimya uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Alimsukuma askari wa geti na kukimbia hadi ndani. Walikuwa wameshamlaza juu ya bati. Shati lilikuwa linawaka taratibu pembeni ya tundu, na mwanamume mmoja alikuwa akiuzima moto kwa viganja vyake huku analia. Kulikuwa na harufu ambayo Nabifo aliijua kutoka jikoni kwake, na tangu siku ile hajapika nyama. Unga wa mtama bado ulikuwa kwenye nyusi. Bangili ilikuwa mkononi, kioo kimepasuka.

Walimzika Alhamisi, Wanale, nyuma ya nyumba ya baba yake.

Baba huyo, mzee Aloysius, alikuwa askari magereza aliyestaafu, na miaka yote ile ya funguo na rungu haikuwa imemtoka mwilini. Alisimama wima kando ya kaburi, mpini wa jembe mkononi, hasemi na mtu. Nabifo alikaa mbali naye pamoja na wanawake, kwa sababu kwao mke wa mtu hamkaribii baba mkwe. Hagusi kiti chake wala hamtazami usoni, na akiwa na neno analipeleka kupitia mtu mwingine. Tangu aolewe, Nabifo hakuwa amemsemesha mzee yule hata mara moja. Enos alikuwa ndani ya nyumba, kidonda bado kibichi, hakuruhusiwa kukaribia maiti. Walimsikia akilia nyuma ya dirisha lililofungwa. Hapakuwa na wa kumwambia anyamaze, maana kwenye kisu alikuwa ameshanyamaza.

Kiwanda kilileta jeneza kwa lori. Wakubwa hawakuja. Walimtuma Obura peke yake, na dereva, na magunia ya mchele na sukari. Obura alikuwa amevaa suti iliyompwaya mabegani. Watu walimpa nafasi aseme maneno ya rambirambi, akasoma kwenye simu. Alisema kampuni inasikitika. Alisema Wanyera alikuwa mfanyakazi hodari. Angeishia hapo angelala Jinja siku hiyo. Akaendelea:

"Na tumehakikisha hakuna aliyemlazimisha kufanya kazi akiwa amechoka. Bangili yake inaonyesha marehemu alikuwa amepumzika vizuri. Jumamosi alilala. Jumapili alilala. Saa nane ya usiku moyo wake ulikuwa unapiga polepole, ametulia kabisa."

Wote waliokuwa pale walikuwa wamecheza ngoma na Wanyera Jumamosi na Jumapili. Walikuwa wamemwona akiwa mbele ya mdogo wake, filimbi mdomoni, akiruka mitaro, akiimba mpaka sauti ikakatika. Na sasa mgeni mwenye suti alikuwa anawaambia mbele ya jeneza kwamba mtu wao alikuwa usingizini. Kama alilala vizuri na bado akashindwa kurudi nyuma hatua moja, basi alikufa kwa uzembe, au kwa woga. Hayo Obura hakuyasema, lakini waliyasikia.

"Mwongo!"

Alikuwa Herbert. Alitoka kati ya watu wa kisu kimoja akiwa ameshika ubao uliobaki kwenye kutengeneza benchi, na kabla Obura hajainua macho kutoka kwenye simu, ubao ulimpata sikioni. Simu ikaruka, mtu akaikanyaga.

"Mwongo! Mmemuua, sasa mnakuja kumtukana kwao!"

"Jameni, ngojeni..."

Hawakungoja. Kwa kawaida watu wa Wanale huongea Kimasaba, lakini siku ile wote waliongea Kiswahili, kibovu na kizuri, kwa sababu walitaka matusi yamfikie mgeni. "Piga huyo!" "Wewe nakula mshahara kwa damu ya watu!" "Kwenu Kenya watu nalala wakiruka?" Dereva alipoona fimbo zinang'olewa kwenye ua, aliwasha lori na kuteremka kuelekea mjini huku mlango wa nyuma ukipigapiga. Obura alijaribu kulikimbilia. Wakamkata mtama, akaanguka kifudifudi juu ya udongo mwekundu waliouchimba kaburini.

Walimpiga kwa fimbo, kwa mateke, kwa kiti cha plastiki kilichovunjika kikabaki mguu mtupu, na ule mguu wakampiga nao. Jino lilitoka na mate. Bega moja la suti lilichanika, na chini yake mfupa ulikuwa umesimama mahali pasipo pake. Alijikunja, mikono kichwani, akawa anasema neno lilelile: "Alilala, walai, alilala, alilala." Kila alipolisema walizidisha. Mtu akaleta jiwe la kujengea, kubwa, la kubebwa kwa mikono miwili.

Nabifo alisimama.

Mwanzoni alikuwa ametaka apigwe. Hilo lieleweke. Aliposikia ubao ukilia sikioni, kitu kifuani mwake kililegea kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Lakini lile neno, alilala, lilikuwa likimgonga. Kwa sababu yeye alikuwa ameiona taa. Watu wote wa Wanale walijua Wanyera hakulala, na yeye peke yake kati yao alijua kwamba taa ilikuwa kijani kweli. Obura hakuwa anadanganya. Alikuwa anasoma moyo wa mtu aliyelala Jinja, na Wanyera alikuwa hapa.

Basi ulikuwa moyo wa nani?

Mwenye jiwe alikuwa anatafuta pa kukanyaga. Nabifo alipita katikati ya wanawake, akapita kando ya jeneza, akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa baba mkwe wake, akasimama mbele yake akamtazama machoni. Mama mmoja akaguta kana kwamba ameona mtu akivuliwa nguo.

"Baba," alisema kwa sauti ya juu, "waambie waache. Mimi niliona. Taa ilikuwa kijani."

Mzee alirudi nyuma kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Kisha sauti ya gereza ikamtoka. "Simama! Wote simama hapo hapo! Weka jiwe chini!"

Waliacha. Hata walioinua fimbo walibaki nazo juu.

"Sema," mzee alimwambia mkwewe, uso ameugeuzia upande.

"Nani hapa alimwona Wanyera Jumapili usiku?"

"Sisi wote tulimwona!"

"Alikuwa na bangili mkononi?"

Wakaangaliana. Mmoja alisema hakumbuki. Mwingine, aliyekuwa amemshika mkono walipovuka mto, alisema mkono ulikuwa mtupu, upele tu.

"Huyu mgeni hajui Wanale wala ngoma," Nabifo alisema. "Yeye anajua alichoambiwa na bangili. Na bangili ililala kweli. Ililala Jinja, kwenye mkono wa mtu. Jumatatu mchana ikarudishwa, na mimi niko pale napakua maharage."

Alipokuwa akisema hayo ndipo aliposhika maana ya kile alichokiona: mikono minne iliyoshikana, ikitikisika muda mrefu, na matusi ya mapenzi juu yake. Akageuka. Herbert alikuwa bado ameinua ubao, na mikono ya shati imeteleza hadi kwenye viwiko. Mkono wa kushoto ulikuwa na duara jekundu la vipele, kama wafanyakazi wote. Wa kulia pia. Lilikuwa jipya, na lilikuwa bado linatoa maji.

Nabifo alijua kitakachotokea. Obura alikuwa ameshaokoka. Nabifo angeweza kunyamaza, wakaendelea kuzika. Alimwendea Herbert, akaushika ule mkono wa kulia, akauinua juu watu wauone.

"Afande mmoja kwa kila mtu, shemeji," alimwambia. "Huyu wa pili ni wa nani?"

Herbert aliuachia ubao. Mdomo wake ulifunguka, ukatoa vyote kwa pamoja.

"Aliniomba! Alisema akipata nyekundu moja tena wanampeleka uani, na hawezi kumwacha Enos peke yake. Alivua bangili akanipa. Ningemkataaje? Ninyi niambieni, ningemkataaje? Wewe ungekataa? Wewe je?" Alikuwa anawaonyesha kidole watu wa kisu chao, mmoja mmoja, na hakuna kati yao ambaye angekataa. "Nilijua atalala kidogo kwenye taksi. Aliniambia atalala kwenye taksi!"

"Na huyu?" Nabifo alimwonyesha Obura aliyekuwa akitapika damu kando ya kaburi. "Huyu ulimpiga kwa nini?"

Herbert alilia tu, kamasi zikimshuka, mkono wake bado uko juu ndani ya mkono wa mwanamke.

Watu wa kisu kimoja walirudi nyuma wote, wakaacha nafasi. Wao hawakuruhusiwa kumgusa. Lakini baba hakutahiriwa pamoja na Herbert. Mzee Aloysius alikuja polepole, na Nabifo akauachia mkono akasogea pembeni, kama mke wa mtu anavyotakiwa kumpisha baba mkwe. Herbert alipiga magoti. Hakukimbia. Aliweka mkono wa kulia juu ya benchi mwenyewe, kiganja chini.

Mpini wa jembe ulishuka. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Herbert aliachama bila sauti, na mzee akapiga tena mahali palepale, juu ya vipele, na tena, mpaka mkono ukakosa umbo na kipande cheupe kikachomoza kwenye ngozi. Hakuna aliyesema basi. Mwishowe mzee mwenyewe alichoka. Aliutupa mpini juu ya udongo, akakaa chini na miguu yake mirefu ya kiaskari imenyooka mbele, akasema kwa Kimasaba, taratibu, kwamba mwanawe naye angemvalia Herbert bangili, bila hata kuuliza.

Kisha wakazika, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na kaburi lilikuwa wazi. Obura walimlaza kwenye mkeka mmoja na Herbert, barazani, wakingojea gari la kuwapeleka hospitali. Waliowasindikiza walisema kwamba kwenye mashimo ya barabara Herbert alikuwa akikishika kichwa cha mwenzake kwa mkono uliobaki mzima, kisigonge.

Polisi walikuja Wanale, wakauliza maswali, wakaondoka. Obura hakuwatajia waliompiga. Aliulizwa na ofisi yake, na ofisi aliiambia ukweli wote, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuieleza ofisi yale yaliyo kweli: kwamba bangili ilivuliwa, ikavaliwa na mwingine, na kwamba mjane ndiye aliyegundua. Sikio la kushoto la Obura halisikii tena. Mkono wa Herbert ulikatwa chini kidogo ya kiwiko. Anakaa kwa mama yake, na siku za soko hupita nyumbani kwa mzee Aloysius, akaingia jikoni bila hodi, akafunua sufuria. Mzee humwacha ale.

Nabifo alirudi chini ya mwavuli wake, Jinja. Zamu zinaingia na kutoka, na watu humnyooshea sahani na mkono wenye bangili. Bangili ni mpya, zina mshipi wa chuma. Zinafungwa kwa ufunguo, na ufunguo unakaa ofisini.